Jina Langu Lilijibiwa na Mbwa

Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo aliniandika mimi. Alikuwa na neno moja la kumwambia mama mkwe wake, akakosa ujasiri wa kulisema usoni, akaningoja nizaliwe. Nilipotoka tu akanivika neno hilo: Hawataki. Ndilo jina langu la nyumbani. Mtu akiniuliza nilianza lini kujihusisha na fasihi, namwambia nilianza nikiwa mchanga, nikiwa sentensi isiyo na kiima wala yambwa.

Niwaeleze jambo hili taratibu, maana nimewahi kulieleza kwa haraka na nikaonekana mwendawazimu. Kwetu, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa Wakakwa wa Koboko na kwa Walugbara wa Arua vilevile, jina la mtoto si pambo. Mama akiwa na dukuduku, huliweka juu ya mtoto, halafu humwita mtoto huyo kwa sauti kutwa nzima. Aliyelengwa anasikia. Hana pa kulalamikia, kwa sababu hakuambiwa yeye, ameitwa mtoto akale.

Baba alikuwa askari, Mkakwa wa Midia, karibu na mpaka. Mama alikuwa Mlugbara wa Onduparaka, Arua. Walikutana kambini, na siku moja baba akamleta nyumbani juu ya lori la jeshi, yeye na sufuria yake, bila mshenga, bila kuuliza mtu. Mama yake baba alikuwa ameshamchagulia msichana wa jirani. Huyu mama yake baba tulimwita Haboba, kama familia nyingi za askari zinavyomwita nyanya. Alikuwa mwanamke mfupi, mtafuna tumbaku, mchoyo wa karanga, na nikisema alimchukia mama nitakuwa nimetumia neno la adabu.

Hawakuwa na lugha ya kugombana. Mama hakujua Kikakwa, Haboba hakutaka kujua Kilugbara. Walichokuwa nacho ni Kiswahili cha kambini, ambacho mama alikipata kwa baba na Haboba alikipata kwa marehemu babu, askari wa zamani. Kiswahili hicho kilijua kuamrisha na kukataa, mambo mengine kiliyababaisha tu. Basi mama akanipa jina kwa Kiswahili, ujumbe ufike bila mkalimani.

Ulifika. Haboba alikwenda kutafuta mtoto wa mbwa wa kufukuza nyani kwenye mihogo, akampa jina Nani Naita. Yaani, kwa Kiswahili hicho kisichotofautisha 'naita' na 'anaita', nani amekuita? Na ukweli ni kwamba hakuna aliyemwita mama. Kwetu bibi harusi huitwa: watu hutumwa, maneno husemwa, ndipo anakuja. Mama alikuja na lori.

Kwa hiyo utoto wangu ulikwenda hivi. Asubuhi mama anapakua uji, anaita, "Hawataki! Hawataki, kuja kula!" Kutoka nyumba ya pili Haboba anaitikia, "Nani Naita! Nani Naita, toka hapa!" Tunakimbia wote wawili, mimi na mbwa, kila mmoja kwa bwana wake. Nilikua nikijua kwamba mimi ni hoja na yule mbwa ni jibu, na kwa kuwa yeye alikuwa na meno, majirani walimpa ushindi. Mdogo wangu alipozaliwa mama alimwita Nakaa. Haboba akaongeza mbwa wa pili, akamwita Tutaona.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na tisa, vita vikatutawanya. Baba aliondoka na kikosi chake na hakurudi. Haboba alivuka mpaka pale Oraba na kuingia Kaya, upande wa Sudan, na mbwa wake. Mama alitupeleka Zaire, yeye, mimi na Nakaa, na ile sufuria. Tulikaa miaka kadhaa kule, na kila siku mama alisimama mlangoni mwa kibanda akaita, "Hawataki!" Aliyetumiwa ujumbe alikuwa nchi nyingine. Wahenga wamesema msema pweke hakosi, lakini mama alikosa: wenyeji wa kijiji kile walifikiri anawasema wao. Wakaitana, wakashauriana, wakatuletea mihogo na ndizi kutuhakikishia kwamba wanatutaka. Tulikula vizuri kwa ajili ya jina langu. Ni kazi ya fasihi iliyonilipa kuliko zote nilizofanya baadaye.

Tuliporudi Uganda, mama hakwenda Midia. Alishukia kwa kaka zake Onduparaka, akapewa chumba, akawa anakaanga mandazi kando ya njia inayokwenda uwanjani, siku za mpira hata hakupata nafasi ya kupangusa jasho. Tulisikia Haboba naye amerudi, anakaa peke yake kwenye ule ua wa Midia, nyumba ya baba imesimama bila mtu. Nilimwambia mama, basi turudi, ni kwenu. Akasema, "Iko kwetu. Lakini nani naita mimi?"

Nilidhani anatania. Hakutania hata kidogo. Lile swali la mbwa lilikuwa bado linamngoja mlangoni. Mama alitaka kurudi kwenye mji wa mumewe, alime shamba la mumewe, na siku ikifika azikwe pale na si kwa kaka zake kama msichana aliyekosa kuolewa. Lakini safari hii hakutaka kuja na lori. Alitaka aitwe, na wa kumwita alikuwa mtu mmoja tu. Kuomba aitwe hakuweza, maana ukiomba kuitwa hujaitwa.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu mwingine kabisa, kwa maoni yangu. Nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimepelekwa Mwanza kwenye kozi ya Kiswahili, kwa kuwa kulikuwa na maneno kwamba lugha hii itafundishwa shuleni, na nikarudi Arua siwezi tena kununua nyanya sokoni bila kusahihisha ngeli za muuzaji. Nikisikia "kitu ingine" nilishika kichwa. Wanawake wa sokoni waliniona naumwa, wakanishauri ninywe maji.

Nilirudi pia na jina jipya. Kule Mwanza wenzangu waliniuliza naitwa nani, nikawatazama, nikafikiri habari ya kueleza mama mkwe, lori na mbwa, nikasema, "Naitwa Furaha." Lilitoka lenyewe. Lilikuwa jina safi, halina ugomvi na mtu. Nilipenda jinsi watu walivyotabasamu wakilitamka.

Na jambo la tatu nililorudi nalo ni nadharia ya majina. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi ambamo anayeitwa Jeuri ni jeuri na anayeitwa Subira anasubiri mpaka ukurasa wa mwisho. Nikaona hii ndiyo sanaa. Nikaanza kutunga, na kwangu kutunga kulikuwa ni kutafuta majina. Nilikaa na jina moja wiki nzima, nikalionja, nikalitamka mbele ya kioo, bila kuandika hata mstari wa hadithi yenyewe. Mtu akiniuliza kazi inaendeleaje, nilisema nimefika mbali.

Ndipo shule moja ya Koboko ilipotaka mchezo wa kuigiza kwa ajili ya kufungua madarasa mapya, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amesikia habari zangu kutoka kwangu mwenyewe, akaniomba niuandike. Niliona mlango umefunguka. Midia si mbali na Koboko. Ningeandika mchezo kuhusu mama mkwe mkatili na mke mwema, ningemwalika Haboba akae benchi la mbele, ajione, aone haya, atoke pale akamwite mama. Mpango ulikuwa rahisi na nilijipongeza nao sana.

Mama mkwe nilimwita Chuki. Mume nilimwita Mnyonge. Mke mwema, mrembo, mvumilivu, anayeonewa bure, nilimwita Furaha, na ili haki itendeke nikaamua kuigiza sehemu hiyo mimi mwenyewe.

Nilimsomea mama majina hayo akiwa anakaanga. Alisimamisha kijiti chake juu ya mafuta.

"Chuki?" akasema. "Maskini! Nani nachukia mama yake?"

"Mama, si hivyo. Chuki ni yeye mwenyewe. Ana roho mbaya, ndiyo maana anaitwa Chuki."

"Sasa mama yake najua namna gani? Mutoto nazaliwa leo, mama tayari najua atakuwa mubaya?"

Nilimwambia hiyo ni sanaa. Akageuza mandazi, akaniambia nichukue yale yaliyoungua.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka madirishani. Haboba alikuja kweli, na fimbo yake na tumbaku yake, akakaa mbele. Mama naye alikuja pamoja nami kutoka Arua, lakini alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwa adabu ya kwetu, mtu ambaye hajaitwa hakai mbele ya macho ya mama mkwe. Walikuwa hawajaonana tangu vita, na mimi nilikuwa katikati yao nimejipaka poda.

Sehemu ya Chuki ilichezwa na mwalimu wetu wa hesabu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliingia kwa kishindo, akapiga kifua, akanguruma kama tulivyofanya mazoezi: "Mimi ndimi Chuki!"

Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisubiri watu watetemeke. Nilichosikia ni mguno wa huruma kutoka benchi hadi benchi. "Oo, pole, mama," mwanamke mmoja akasema. "Pole sana."

Nikaingia. Nilikuwa na mtungi kichwani na uso wa malaika. Nikasema kwa Kiswahili cha Mwanza, "Nami naitwa Furaha."

Kutoka benchi la mbele ikaja sauti niliyoijua tangu uji wa asubuhi. "Nafurahi nini?"

Watu wakacheka. Haboba hakucheka. Akainuka nusu, akanielekezea fimbo. "Mama yako nafurahi nini? Nani nakufa?"

"Eee!" watu wakaitikia. "Aseme!" Maana kwetu, jina kama hilo bila maelezo huweza kuwa la kumsimanga jirani aliyepatwa na msiba. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mtungi, mtoto wa mama aliyeshangilia kifo cha mtu.

Kuanzia hapo mchezo haukuwa wangu tena. Chuki aliponinyang'anya maji, watu wakasema, "Mpe! Yeye nachukiwa toka tumboni!" Nilipolia, wakaniambia nisijifanye. Mume wangu Mnyonge hawakumjali, walisema mama yake labda alikuwa mgonjwa alipomzaa. Na mwalimu wa hesabu, ambaye nilimwamini, akaonja utamu wa kupendwa akanigeuka. Aliacha kunguruma. Akakaa chini, akafunika uso kwa kanga, akaanza kutoa maneno ambayo sikuyaandika, jinsi alivyoteseka. Mama mmoja alimletea karanga jukwaani. Akazila.

Mwisho wa mchezo niliouandika, Chuki anafukuzwa nyumbani na haki inashinda. Nilinyoosha mkono kuelekea mlangoni na kusema, "Toka, Chuki!" Hapo Haboba akapanda jukwaani. Alipanda kwa shida, goti moja kwanza, akasimama kati yangu na mwalimu wa hesabu, akainua fimbo.

"Hapana fukuza mutoto ya watu!" akasema. "Yeye hapana kosa. Watu nakosea mama yake!"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilitazama nyuma, mlangoni, nikitegemea kumwona mama anakufa kwa kicheko. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Haboba, mkono umeziba mdomo, na nikahisi uchungu mkali wa kumwonea mama huruma, huku poda ikinichuruzika shingoni.

Watu walipotawanyika Haboba aliniita nje, pembeni ya ukuta mpya.

"Mama ya Chuki," akasema, "nani naudhi yeye?"

"Haboba, mama yake Chuki hayumo kwenye mchezo."

"Hayuko? Sasa Chuki nani nazaa?"

"Hakuna. Nimemtunga tu."

Alitema tumbaku. "Wewe nasoma mpaka Mwanza, naandika mutu hapana mama."

Mpaka leo nikikaa kuandika hadithi neno hilo hunikalia begani. Haboba akageuka aondoke. Alikwenda hatua chache, akasimama, bado amenipa mgongo.

"Na Hawataki?" akasema.

"Naam, Haboba."

"Siiti wewe. Nauliza. Mama ya Hawataki, nani naudhi yeye?"

Angalieni sasa. Umri wangu wote nilikuwa barua iliyokuwa ikingoja swali hilo. Mama alinizaa kwa ajili ya swali hilo. Mwanamke yule mkaidi alikuwa amelifikia kwa miguu yake mwenyewe, na lililotakiwa kutoka kinywani mwangu ni neno moja, au hata kunyamaza kungetosha. Nami, mwandishi, mtaalamu wa majina, nikasema:

"Haboba, siku hizi naitwa Furaha."

Alinitazama juu mpaka chini. Akaguna, akaenda zake Midia.

Nilipomweleza mama tukirudi Arua, hakunigombeza njia nzima. Tulipofika ndipo aliposema, taratibu, akivua viatu, "Neno yangu iko moja tu. Nalituma, linatembea, linafika Zaire, narudi. Leo linafika kwa mlango, wewe nafuta." Akalala bila kula. Nililia usiku ule, na safari hii hakuna aliyeniambia nisijifanye.

Tulijua mambo yameharibika. Mama aliendelea na mandazi yake. Hakunitaja tena kwa jina lolote, aliniita "mwalimu", na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kisha, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, akapita mfanyabiashara mmoja aliyezoea kupeleka sabuni Oraba. Alinunua mandazi, akasema ana salamu kutoka Midia. Mbwa wa bibi kizee mmoja amezaa. Bibi kizee anasema Hawataki aende achukue mtoto mmoja.

"Anasema nani?" mama akauliza.

"Hawataki. Ananiambia niseme hivyo hivyo."

Mama alifuta mikono. Siku iliyofuata alivaa kitenge chake kizuri, akafunga mzigo mdogo, akasema ananisindikiza tu. Tulipanda pikapu mpaka Koboko, tukatembea kwa miguu kwenda Midia. Mahali mihogo ya baba inapoanzia, mama akasimama.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Siitwi." Akakaa juu ya mzigo wake katikati ya mihogo, akaupa ua mgongo.

Haboba alikuwa mlangoni. Hakuuliza nimekuja na nani, ingawa kitenge kile kilionekana kutoka mbali. Alinipa kigoda, akanionyesha watoto wa mbwa, akamnyanyua mmoja mwekundu, mwembamba, mwenye masikio makubwa.

"Hii nabaki kwangu," akasema. "Jina yake iko Kuja."

Ningeweza kunyamaza, lakini Mwanza haikunifundisha hilo. "Haboba," nikasema kwa upole wa kiualimu, "kumwita mtu hatusemi 'kuja'. Tunasema 'njoo'."

"Njoo iko ya Mwanza," akasema. Akamweka mbwa chini, akasimama, akashika mwimo wa mlango, akaelekeza uso kwenye mihogo.

"Kuja!" akaita.

Mbwa alikuwa miguuni pake, anamlamba kidole.

"Haboba," nikasema, "yuko hapa. Yuko hapo chini."

Alinitazama kwa huruma, ile niliyotaka watu wa Koboko wanipe, wakanikatalia. Akageukia tena shamba, akavuta pumzi.

"Kuja!" akaita, na sauti ikampasuka. "Kuja, wewe! Kuja nyumbani!"

Mihogo ikatikisika. Mama alisimama, akakung'uta kitenge mbele, akakung'uta nyuma, akajitwika mzigo. Hakuharakisha. Mbwa alimkimbilia akiruka kwenye matope, akimbwekea, akirudi kwetu, akimkimbilia tena, mpaka wote wawili wakafika uani.

Haboba hakumpa mkono. Alisema mbwa huyu mjinga, naita, naita, sasa ndiyo nasikia.

"Nasikia," mama akasema, akatua mzigo.